Kutoa nyimbo chumbani hadi jukwaani na bendi kamili, hatua kwa hatua

Kuna kijana nimekuwa nikimsaidia hapa Nairobi, ana nyimbo kumi na kitu za indie rock amerekodi peke yake chumbani, gitaa, laptopu na maiki moja, besi amepiga yeye, dramu amepanga kwa kompyuta, sauti zote ni zake. Nyimbo ni tamu kweli. Sasa ameitwa shoo, akatafuta wenzake watatu, na mazoezi ya kwanza hakuna kitu kilishikana. Si eti hawajui kupiga, wanajua, shida ni kwamba wimbo uliorekodiwa na mtu mmoja haujatengenezewa watu wanne, lazima uuvunje kwanza ndo uujenge upya. Nilimwandikia hizi hatua, naziweka hapa kwa yeyote ambaye nyimbo zake zimekaa kwa laptopu na anataka zitoke nje.

Na usifikirie kuanzia chumbani ni kuanza vibaya. Kevin Parker wa Tame Impala, kule Perth, Australia, hurekodi karibu kila chombo mwenyewe, alafu akienda kwa shoo ndo anapanda na bendi. Will Toledo alianza mradi wake wa muziki, Car Seat Headrest, mwaka wa 2010 huko Virginia, Marekani, sauti akirekodia kwa kiti cha nyuma cha gari ndo apate faragha, albamu akawa anaziweka mwenyewe Bandcamp, tovuti ambapo wanamuziki huuza kazi zao, bendi kamili ikaja baadaye.

Hatua ya 1: chagua nyimbo tano

Tano zinatosha shoo ya nusu saa ukihesabu na kutyuni na kuongea na watu. Chukua gitaa moja, imba wimbo wote bila kitu kingine. Wimbo ukisimama hivo, uingie kwa orodha. Ukianguka bila zile treki ishirini (kila sauti uliyorekodi kivyake), uache kwanza, utaurudia bendi ikishazoeana.

Hatua ya 2: punguza

Fungua projekti, nenda kwa kiitikio, hesabu vitu vinavyolia kwa wakati mmoja. Mara nyingi utapata gitaa sita, sauti tano, kinanda na besi mbili. Bendi yako ina mikono minane. Kwa hivyo jiulize: mtu akitoka hapa akipiga mluzi wimbo huu, atapiga mluzi gani? Ile melodi ndo inapewa gitaa la kwanza. Gitaa la pili linashika kodi (chords). Besi inabaki moja. Hizo zingine zote zinaondoka, hata ile uliipenda sana, na utashangaa vile wimbo unapumua.

Dramu ndo zinahitaji jicho zaidi. Ukipanga dramu kwa kompyuta ni rahisi sana kumpa mtu kazi ya mikono minne, haihati (zile simbali mbili za kufungwa na mguu) inaendelea, sneya (dramu kali ya katikati) inapigwa, na simbali zingine mbili zinagonga pale pale. Usimpe mpiga dramu hiyo kitu uambie aige. Mpe kiki (dramu kubwa ya mguu) na sneya peke yake, hizo ndo mifupa ya wimbo, mengine achague mwenyewe.

Ukimaliza, toa kila treki kama faili yake, zote zianzie sekunde sifuri hata kama chombo kinaingia dakika ya pili, umtumie kila mtu. Mimi natumia Reaper, programu ya kurekodi muziki, na sitahama. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60, na inafanya kazi hata kwa laptopu nzee.

Hatua ya 3: tafuta mpiga dramu kwanza

Kabla ya besi, kabla ya gitaa la pili. Hapa kwetu wengi wazuri wamelelewa na dramu za kanisani, wana sikio na wana nidhamu ya kufika mazoezi, hata kama rock hawajawahi kuipiga wataishika. Mpiga dramu aliye imara na wapiga gitaa wa kawaida, bendi inaenda. Kinyume chake haiendi.

Hatua ya 4: kii ya sauti

Ukirekodi chumbani usiku unaimba polepole usiamshe majirani, mdomo karibu umeze maiki, na ule ukaribu unaongeza besi kwa sauti, inatoka nzito na laini. Jukwaani sneya iko mita mbili nyuma yako. Sauti ya kunong'ona haitasikika, na injinia akikuongeza spika zinapiga yowe. Kwa hivyo imba wimbo kwa nguvu yako ya kweli, umesimama, dramu zikipigwa, alafu tafuta kii (wimbo uimbwe juu ama chini kiasi gani) ambayo sauti inatoka bila kubanwa. Wengi wanapandisha toni moja ama mbili. Weka kapo (kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha nyuzi zote), maliza.

Maiki: Shure SM58, basi. Imekuwa sokoni tangu 1966 na kuna sababu. Ila feki zimejaa, kwa hivyo nunua kwa mtu atakayekuruhusu uijaribu pale pale. Ile maiki ya kondensa ya chumbani, inayonasa hata sauti ndogo, iache nyumbani, itaokota dramu kuliko itakavyokuokota wewe.

Hatua ya 5: kliki na treki za nyuma

Hapa ndo nimeona bendi zikipoteza mchana mzima, kwa hivyo soma yote kabla ujaribu.

Treki za nyuma ni zile sauti hamwezi kupiga na mikono yenu lakini wimbo unazihitaji, mpiga dramu anasikia kliki (mlio wa kuhesabu mdundo) masikioni ndo bendi iende sawa nazo. Kwanza amua kama unazihitaji kweli. Sheria yangu ni vitu viwili kwa wimbo, visizidi, na sauti kuu isiwe kwa treki kamwe, besi pia. Watu wamekuja kuona watu wakipiga.

Pili, angalia kama ulirekodi na metronomu (kifaa kinachohesabu mdundo kwa kasi moja). Kama hukutumia, kasi ya wimbo inatembea, ubeti uko midundo 112 kwa dakika, kiitikio kinafika 117, ni kawaida ya binadamu na ni tamu, lakini kliki ya 112 iliyonyooka itaachana na treki kabla ubeti wa pili. Hapo una njia mbili. Upige huo wimbo bila treki kabisa, ndo ninashauri. Ama uweke alama ya tempo (kasi) mwanzo wa kila ba (kifungu cha midundo, mara nyingi minne), wimbo mzima, ili kliki ifuate rekodi. Inachosha, lakini usiruke ba, ukiruka moja zile zinazofuata zote zinahama.

Njia rahisi ya kucheza: tengeneza faili moja ya stereo, kushoto kliki, kulia treki. Kushoto inaenda kwa hedifoni za mpiga dramu, kulia inaenda kwa mikisa ya ukumbi (mashine ya kuchanganya sauti). Simu na kebo ya kugawa inatosha. Sasa tahadhari zenyewe:

Treki zako sasa ni mono, yaani upande mmoja tu. Kama ulipanua gitaa kwa kulikopi na kulichelewesha milisekunde kidogo upande mmoja, ukiunganisha pande mbili kuna masafa yatameza mengine na gitaa litasikika jembamba kama la redio. Bonyeza mono ukiwa nyumbani, sikiliza, kama limepotea baki na upande mmoja tu.

Angalia sampo reti (mara ngapi kwa sekunde sauti inapimwa, kwa maelfu). Kama faili ni 44.1 na kifaa cha kuchezea kimekaa 48, baadhi ya vifaa havibadilishi, vinacheza tu haraka. Wimbo wa midundo 120 unakuwa karibu 131, na kii inapanda karibu freti moja na nusu. Moja na nusu! Hakuna mahali kwa shingo ya gitaa utaweka kidole ipatane. Nyote mtaanza kutyuni, mtalaumiana, na gitaa haina makosa. Ukisikia kila kitu kiko juu kidogo na haraka kidogo, usiguse gitaa, nenda kwa mipangilio ya sauti kwanza. Mimi naweka kila kitu 48 kutoka siku ya kwanza ya projekti.

Sauti ya kliki iwe kitu kikavu kama kijiti, sio ile bipu, bipu inaumiza masikio na inapotelea ndani ya simbali. Mdundo wa kwanza wa ba uwe tofauti. Weka ba mbili za kuhesabu kabla wimbo uanze, na urekodi sauti yako kwa upande wa kliki ukisema "kiitikio" ba moja kabla kifike. Mpiga dramu akipotea, hiyo ndo inamrudisha.

Hedifoni ziwe za kuziba sikio vizuri. Zikiwa wazi ataongeza sauti mpaka aharibu masikio yake, na kwa sehemu tulivu maiki zitaokota kliki ukumbi mzima uisikie.

Kutoka kwa simu au laptopu kwenda kwa mikisa pitia kiboksi cha DI (kinachounganisha chombo na mikisa), ile ya kawaida yenye transfoma ndani. Kebo ndefu ya jeki inaokota kelele, na ile stima ya volti 48 inayowasha maiki za kondensa ikiwa imewashwa kwa mikisa inaweza kurudi kwa simu yako, DI inaizuia. Ukisikia mngurumo laptopu ikiwa kwa chaja, toa chaja. Ikinyamaza, umepata mwizi, piga na betri au bonyeza swichi ya kukata athi (waya wa ardhini) kwa DI. Lakini hii naomba usikie vizuri: usivunje wala kukata pini ya athi ya plagi, ile kubwa ya juu, hata kama fundi amekuambia ni sawa. Umeshika nyuzi za gitaa na mdomo uko kwa maiki ya chuma, na hiyo ni volti 240.

Simu iwe hali ya ndege, laptopu iwe imezimiwa intaneti, notifikesheni na kulala. Weka faili zile zile kwa simu ya pili.

Na mjue kuendelea bila treki. Stima ikipotea nusu sekunde na mikisa ijiwashe upya, simu yenu itakuwa bado inacheza na mpiga dramu anasikia kliki kana kwamba hakuna kitu, wengine wamesimama. Kubalianeni ishara, vijiti juu maana yake kliki imetoka, tunaenda na masikio. Zoezeni hiyo.

Hatua ya 6: mazoezi

Lipia chumba cha mazoezi kwa saa, fikeni mkiwa mnajua sehemu zenu. Simameni duara mkiona mpiga dramu. Rekodi kila wimbo na simu ikiwa kona ya mbali, sikilizeni njiani mkirudi, utasikia mara moja nani yuko juu sana. Saa ya mwisho pigeni orodha yote bila kusimama, hata mtu akikosea.

Wimbo ukianza kubadilika mikononi mwa bendi, uache ubadilike. Toledo alirekodi albamu ya Twin Fantasy peke yake 2011, akaja kuirekodi upya yote na bendi ikatoka 2018, na matoleo yote mawili yana wapenzi wake. Rekodi yako ya chumbani haifutiki.

Hatua ya 7: karatasi ya mtu wa saundi

Mtumie siku chache kabla, na ubebe kopi. Mchoro wa nani anasimama wapi, na orodha ya chaneli: kiki, sneya, maiki ya juu ya dramu, besi kwa DI, gitaa mbili, sauti kuu, sauti ya pili, treki. Kwa treki andika kando: mono, kutoka kulia, kupitia DI, kushoto ni kliki isipelekwe kwa spika. Msalimie kwa jina ukifika, na ukiulizwa kwa saundicheki mcheze wimbo gani, mcheze ule wenye kelele zaidi na wenye treki.