Diski ya mgongo: somo kwa wanaoniuliza kila wiki

Wandugu, kila wiki naandikiwa: "Papa, ule mgongo wako ulipona namna gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mimi si daktari. Nilisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, nikibeba makaa miaka 12 hapa Goma, mashariki ya Kongo, mgongo ukakatika, na haya nilifundishwa na kinezi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyenisimamisha tena.

Hatua 1. Jua kinachouma. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, zote ni 23. Nje ni nyuzi ngumu, ndani ni ute. Umri unakausha ule ute na nyuzi zinapasuka. Damu ya ukoo, sigara na mizigo vinaharakisha. Ute ukitoka ukagusa mshipa wa fahamu, maumivu yanashuka takoni, pajani, mpaka unyayo.

Hatua 2. Alama za hatari. Mkojo umeziba au unatoka wenyewe, sehemu za siri zimekufa ganzi, miguu yote miwili inalegea: hospitali usiku huohuo. Homa, kukonda na maumivu yasiyotulia usiku: kapimwe, maana kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo.

Hatua 3. Dawa ya maumivu ni ya siku chache, baada ya chakula, kwa kipimo ulichoandikiwa. Inakusaidia utembee. Hairudishi diski.

Hatua 4. Usilale. Hapa ndipo nilipokosea, someni polepole. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Inakula kama sifongo: ukitembea inaminywa, ukipumzika inavuta maji na chakula kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake. Mimi niliambiwa nilale chali juu ya ubao, nikalala wiki tano, na mguu uliokuwa unalegea nikaungoja upone wenyewe. Nilipoinuka mapaja yamekonda. Kandambili ya kuume ilikuwa inabaki nyuma kwenye mawe ya volkeno, mtoto ananiita, "Papa, kiatu!" Sikuhisi ikitoka. Vidole vilichukua miezi minane kuinuka tena. Kulala siku moja au mbili, sawa. Baada ya hapo tembea, hata dakika tano kuzunguka kiwanja, mara kadhaa kwa siku. Mguu ukizidi kulegea, muone daktari siku hiyohiyo. Na usimruhusu mtu akukanyage mgongo.

Hatua 5. Mazoezi ya kinezi, kila siku, hata ukishapona.

Hatua 6. Kisu, yaani upasuaji, ni kwa wachache. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12, na mara nyingi mwili wenyewe hula ule ute uliotoka.

MASWALI

Mukubwa wa Birere: Nipe tu jina la sindano inayomaliza diski.
— Soma hatua ya 3.

Mukubwa wa Birere: Lakini mimi nachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, kila wiki na inanisaidia!
— Inakutuliza, na huku inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Nimemzika rafiki kwa hilo, sitakuandikia jina la dawa. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali leo.

Mama Neema, Himbi: Papa, kwangu ni asubuhi tu. Nachota maji ziwani saa kumi na moja alfajiri, kiuno kinakatika. Saa tano niko mzima. Kwa nini?
— Mama, aksanti kwa swali hili. Usiku diski inavuta maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huamka mrefu kidogo kuliko jioni. Ukiinama wakati huo kuinua bidoni ya lita 20, unaikamua ikiwa imejaa na kukaza. Amka, fanya kazi za kusimama kama saa moja, ndipo ushuke ziwani. Ikilazimu mapema, beba bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono.

Motari wa Ndosho: Mimi naendesha pikipiki ya abiria. IRM, ile picha ya ndani ya mgongo, imesema diski zangu tatu zimezeeka. Nitapooza?
— Watu wengi wasioumwa popote wana diski za namna hiyo kwenye picha. Mguu una nguvu?

Motari wa Ndosho: Una nguvu. Ni kiuno tu, na ile barabara ya mawe.
— Basi kila baada ya safari mbili shuka, tembea kidogo. Penye mawe makubwa jiinue juu ya kiti, magoti yapokee mshtuko.

Dada wa Majengo: Naongeza kwa Mama Neema. Bidoni ijazwe ikiwa juu ya jiwe la kimo cha goti, usiinue kutoka chini. Kwetu kwenye robine, bomba la maji, tumepanga mawe mawili.
— Dada, tuma picha ya hayo mawe. Kesho nasi tutayapanga hapa kwetu.