Kabla hujabeba dodoso: kutafiti mawasiliano katika nchi iliyopitia ujamaa

Mara yangu ya kwanza kwenda uwandani niliwauliza wazee wa kijiji kimoja mkoani Dodoma swali nililoliona jepesi kuliko yote: "Miaka ya sabini mlikuwa mnasikiliza redio gani?" Wa kwanza akajibu, "National." Wa pili, "Philips, ya bendi tatu." Wa tatu naye yake ilikuwa National, ila ilikuwa inakula betri, akawa anazianika juu ya bati mchana kutwa ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nilishajaza kurasa mbili ndipo nikagundua kwamba hatuelewani, na kosa ni langu. Kwa Bara kituo kilikuwa kimoja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa mtu wa wakati ule, ukimuuliza "redio gani" unamuuliza aina ya redio aliyonunua.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya safari ni kulisoma dodoso lako kwa masikio ya mtu aliyekulia kwenye kituo kimoja. Maswali mengi ya taaluma yetu yamejengwa juu ya uchaguzi: unapendelea chombo kipi, unakiamini kipi zaidi. Mtu asiyekuwa na cha kuchagua hana jibu la hapo, na kwa heshima yake atakutafutia lolote. Ukitaka kujua habari za kuchagua, uliza BBC na Sauti ya Ujerumani, ambazo zilikuwa na idhaa za Kiswahili tangu 1957 na 1963. Hapo utasikia nani alisikiliza, saa ngapi, na sauti aliishusha kiasi gani.

La pili ni neno "baada", lile la "baada ya ujamaa". Ujamaa uliisha lini? Mwanzo wake, Azimio la Arusha, ni Februari 1967, hauna utata. Mwisho wake ndio una kazi. Mwanasiasa atakutajia Azimio la Zanzibar la 1991, lililolegeza miiko ya uongozi, au kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992. Mama muuza vitenge atakwambia ni enzi za Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, yaani kuanzia 1985, bidhaa ziliporudi madukani. Mtu wa habari wa Bara huenda akasema 1994, televisheni zilipoanza, maana Zanzibar ilishakuwa na yake ya rangi miaka ya sabini huku Bara haina kitu. Na mwanasheria atacheka tu, akufungulie Katiba, ibara ya 3, panaposema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa. Amua mapema unatumia mwaka upi na kwa nini. Usimwachie mhojiwa akuamulie bila kujua.

Ukiwa na nadharia ulizozipata kwenye vitabu vya Ulaya Mashariki, zipunguze uzito kabla ya kuzipandisha basi. Poland ya 1989 chama tawala kilikaa meza moja na wapinzani, uchaguzi ukakiangusha, na mwaka huohuo gazeti jipya la wapinzani likawa mtaani. Huku chama kilichosimamia ujamaa ndicho kilichofungua mlango wa vyama vingi, na ndicho kilichobaki madarakani. Gazeti lake, Uhuru, lililoanza 1961, halikuondoka. Serikali ilitaifisha gazeti la Standard mwaka 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na Nationalist kuwa Daily News, ambalo mpaka leo ni la serikali. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilidumu mpaka 2016 ilipokuja Sheria ya Huduma za Habari. Mwandishi aliyeajiriwa 1980 akastaafu 2010 amefanya kazi chini ya sheria moja, ujamaa na soko huria vyote. Ukimuuliza "mabadiliko" yaliyompata, mpe nafasi ya kukujibu kwamba hayakuwepo.

Sikiliza pia majina. "Ndugu" lilikuwa la wote, waziri na mkulima, kisha "mheshimiwa" likapanda jukwaani. Mzee akikuita ndugu mtafiti, huenda ni adabu tu, huenda anakuweka kwenye kundi la maofisa waliokuwa wanakuja na Land Rover. "Mlanguzi" kwa mtu aliyeshuhudia msako wa wahujumu uchumi wa 1983 halina utani ndani yake. Andika neno kama lilivyotamkwa. Tafsiri utaifanya nyumbani.

Vibali navyo vianze mapema kuliko unavyodhani. Mgeni anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia; Zanzibar ina utaratibu wake. Mwanafunzi wa hapa anabeba barua ya chuo kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, na kila ngazi inagonga mhuri wake. Toa nakala nyingi. Mjini "nitakutumia kwenye WhatsApp" inapita, kwa mtendaji hapana.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Mtendaji kwa wema wake atataka kukusindikiza nyumba kwa nyumba, au atakupa mjumbe. Ukikubali, majibu yote yatatoka kama hotuba ya mkutano wa hadhara, kwa sababu kwa miongo mingi mgeni mwenye karatasi alikuwa mtu wa kujibiwa hivyo. Kumbuka Tume ya Jaji Nyalali ya 1991, iliyokusanya maoni kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi: zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walitaka chama kiendelee kuwa kimoja, ila wengi wao wakadai mageuzi makubwa ndani yake, na Tume ikapendekeza vyama vingi. Wangeishia kwenye ndiyo na hapana, wangeandika ripoti nyingine kabisa. Mimi humwomba mtendaji anitambulishe mara moja kwenye mkutano, kisha nakaa siku mbili tatu bila kuuliza chochote, nanunua vocha na chai palepale kijijini. Posho nayo uamue kabla hujafika, na iwe sawa kwa wote, maana habari zake hutangulia.

Mwisho, majaribio. Usiyafanye kwa wanafunzi wenzako. Nenda kijiwe chochote chenye watu wa miaka sitini na kuendelea, soma swali kwa sauti, halafu nyamaza. Lile swali langu la redio nililitengeneza upya Manzese, Dar es Salaam, kwenye benchi la wacheza bao. Niliporudi Dodoma nikauliza: "Habari mlikuwa mnazipata wapi?" Yule mzee wa betri akafikiri kidogo, akataja mjumbe, akataja mkutano, redio ikaja ya tatu. Mke wake, aliyekuwa anachambua mchicha pembeni, akamkatiza: "Mbona husemi foleni ya sukari? Pale dukani kwa ushirika ndiko tulikojua kila kitu, na yasiyosemwa redioni pia." Kwenye dodoso langu hapakuwa na kisanduku cha foleni.