Kupaka gari waksi mwenyewe nyumbani, na kwa nini kazi kubwa iko kabla ya kufungua kopo

Mtu akiona gari lake limepauka anakimbilia waksi, anaipaka hapo hapo juu ya vumbi, alafu siku ya jua kali anaona boneti imejaa vimikwaruzo vya duara kama utando wa buibui na anasema waksi ni feki. Hapana, vumbi ndo limefanya hiyo kazi, na wewe ndo umelisugua. Magari mengi ya siku hizi juu ya rangi yana kliakoti, lile tabaka lisilo na rangi linalotoa mng'ao, na unene wake ni kama maikroni 40 au 50 tu, yaani kama nusu ya karatasi ya daftari. Likiisha limeisha, mpaka upige rangi upya. Ndo maana naomba usiharakishe.

Anza kuosha, gari likiwa limepoa na liko kivulini. Andaa ndoo mbili, moja ya shampoo ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea, maana ukitumia ndoo moja unachota tena mchanga ule ule uliotoka kuutoa. Mwagia maji kwanza mchanga uteremke, kisha osha kuanzia kwenye paa kushuka chini, rimu na matairi yawe na kitambaa chao kabisa. Sabuni ya vyombo isiwe ya kila wiki, inakula waksi uliyoipaka kwa jasho lako.

Gari likishakuwa safi, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi alafu pitisha vidole juu ya rangi taratibu. Ukisikia vichembe kama msasa, hivyo ni vumbi la chuma la breki, utomvu na lami vilivyong'ang'ania na maji hayavitoi. Hapo unahitaji ule udongo maalum wa kusafishia rangi, unanyunyiza maji ya shampoo, unauteleza bila kukandamiza, unaukunja kila ukichafuka mpaka rangi iwe laini kama kioo. Ukikuangukia chini utupe, hata kama ni mpya! Najua inauma lakini kichembe kimoja cha mchanga kinatosha kukuchora mlango mzima.

Kuhusu waksi yenyewe, ya karnauba inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazil, inatoa mng'ao mzito wenye kina ila hudumu wiki kadhaa, ikizidi sana miezi miwili mitatu. Silanti, yaani kinga ya rangi iliyotengenezwa kwa kemikali kiwandani, inakaa miezi mingi zaidi, na kwa gari linalolala nje mimi ningechagua hiyo. Na tusichanganye na polishi, polishi inakwangua kliakoti kidogo ili kupunguza mikwaruzo, waksi inakaa juu kulinda tu, kwa hiyo usitegemee ikufutie mikwaruzo.

Sasa kupaka. Chukua kidogo kwenye sponji, kidogo sana, fanya sehemu moja moja, nusu ya boneti, kisha mlango, hivyo hivyo. Ukiona tabaka jeupe nene umezidisha, halilindi zaidi, linakuchosha tu wakati wa kufuta. Kwenye plastiki nyeusi za bampa na madirisha pita mbali au bandika tepu, pakikauka panabaki weupe unaosumbua kutoka. Iache ikauke kama kopo linavyoelekeza, alafu pitisha kidole juu yake mara moja, kikiacha njia safi inayong'aa iko tayari, ikiburuzika kama mafuta subiri kidogo. Futa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba kilicho safi, ukigeuza upande kila mara.

Rangi isiyong'aa ya kiwandani usiipake waksi ya kawaida, utaishia na mabaka. Gari lililotoka kupigwa rangi nalo lisubiri, muulize fundi aliyepiga ni muda gani maana rangi bado inatoa kemikali ndani.

Baada ya hapo, kinyesi cha ndege usikiache kikauke juani, kina tindikali na kinachimba kliakoti, na kikishakauka usikikwangue, weka kitambaa chenye maji juu yake dakika chache kilainike ndo ukinyanyue. Ukimwagia gari maji na yakawa hayakusanyiki tena matone matone, yanatandaa tu, waksi imeisha, rudia.