Rangi ya chumba, anza na dirisha

Mimi ni fundi rangi hapa Mwanga, Kigoma. Kabla sijafungua kopo nauliza: dirisha linatazama wapi? Likielekea ziwani, yaani magharibi, jua la alasiri linaingia lote. Ukipaka njano au chungwa, chumba kitawaka na watu watachoka kukaa humo. Paka kijani au buluu iliyopauka. Chumba kilichozibwa na mwembe kipe krimu. Nyeupe tupu humo hugeuka kijivu, na inanyong'onyeza kweli, hasa mgonjwa.

Paka kwanza kipande cha mbao, kiegemeze ukutani, ukitazame asubuhi, saa kumi jioni, na usiku taa ikiwaka. Ukuta mzima utaonekana umekolea kuliko kipande, kwa hiyo chukua iliyofifia zaidi. Nje, chini, futi mbili za kahawia: matope mekundu yakiruka hayatakuudhi.