Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Kuruka kati ya Miji Miwili

Umbali wa angani kati ya miji miwili haupimwi kwa rula juu ya ramani ya ukutani, kwa kuwa ramani bapa huyanyoosha maeneo, hasa yaliyo karibu na ncha za dunia. Njia fupi kuliko zote hufuata mpindo wa dunia na huitwa duara kuu. Ndiyo maana njia fupi ya ndege kutoka London hadi Los Angeles hupita juu ya Greenland, ingawa kwenye ramani huonekana kama mzunguko usio na sababu.

Anza kwa kutafuta latitudo na longitudo za viwanja vya ndege vyenyewe, si za katikati ya miji. Narita, kwa mfano, uko takriban kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo. Latitudo za kusini na longitudo za magharibi ziandikwe kwa alama ya kutoa. Kisha zidisha saini (sin kwenye kikokotoo) za latitudo mbili. Zidisha pia kosaini (cos) zake, na matokeo hayo yazidishwe kwa kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu hayo mawili, tafuta pembe ambayo kosaini yake ni jumla hiyo (kitufe cha cos⁻¹), na uizidishe kwa 111.2, ambazo ni kilomita za nyuzi moja. Kati ya Heathrow wa London na John F. Kennedy wa New York, pembe hiyo ni takriban nyuzi 49.8, yaani kilomita 5,540 hivi. Jibu likikujia la ajabu, angalia kwanza kama kikokotoo kimewekwa kwenye nyuzi.

Muda ndio wenye utata. Ndege kubwa za abiria husafiri kwa takriban kilomita 900 kwa saa zikiwa juu, hivyo gawanya umbali kwa 900 kisha uongeze nusu saa ya kupaa na kushuka: London hadi New York inakuwa kama saa 6 na dakika 40. Hata hivyo, huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huwa mkali zaidi majira ya baridi. Tukichukua upepo wa kilomita 100 kwa saa, anayekwenda New York akipambana na mbisho atatumia karibu saa 7 na dakika 25, ilhali anayerudi atatumia saa 6 tu. Ratiba huonyesha muda mrefu zaidi, kwa sababu huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama.

Anga zilizofungwa nazo huvuruga hesabu. Tangu 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya saa 9 na ushei, imefikia takriban saa 13 kwa ndege zisizoruhusiwa kupita juu ya Urusi.

Mwisho, saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji. Ukiondoka New York saa 2 usiku na kufika London saa 2 asubuhi, hukuruka saa 12 bali 7, kwa kuwa London imetangulia kwa saa 5. Kwa wiki chache mwezi Machi, na tena mwishoni mwa Oktoba, tofauti hiyo huwa saa 4, kwani Marekani na Uingereza hubadilisha saa kwa tarehe tofauti.