Modi yako ina toleo jipya? Mwambie mchezaji bila kumzingua

Wazee wa modi (nyongeza za gemu tunazotengeneza wenyewe), hii ni kwa mtu ambae modi yake imeshaanza kuchezwa na watu, kuanzia madogo wa Soweto na Uyole za Mbeya mpaka mtu wa Mafinga anaetumia hotspoti ya simu. Ukitoa toleo jipya unataka wajue, sawa, ila sio dirisha linamrukia mtu usoni wakati ndani ya gemu ndo anashusha basi mlima Kitonga na breki zimeshachemka. Mwambie mara moja, kwenye menyu ya mwanzo kabla hajaingia kucheza, alafu mwache aamue mwenyewe.

Kabla hujaandika kodi yoyote angalia kama gemu lako lina mfumo tayari, maana wengi wanahangaika bure. Kwa Minecraft ya Forge (programu inayoendesha modi) unaweka linki ya faili lako la JSON, yaani faili la maandishi lenye taarifa za matoleo, kwenye faili la mods.toml, sehemu ya updateJSONURL, basi, Forge yenyewe inaenda kuangalia na kikipatikana kipya inawasha kialama kwenye kitufe cha Mods pale menyu kuu, haidownload kitu. Stardew Valley ukitumia SMAPI, nayo ni programu ya kuendesha modi, unajaza UpdateKeys kwenye manifest.json, mchezaji anaona orodha ya modi zilizopitwa kwenye lile dirisha jeusi gemu likiwa linawaka. Ukikuta mfumo kama huo tumia huo huo, usianze kuchora madirisha yako.

Kama hakuna ndo utengeneze mwenyewe, na sio kazi kubwa. Weka mtandaoni faili dogo lenye namba ya toleo, toleo la gemu linalohusika, ukubwa wa kudownload, mistari miwili ya kilichobadilika na linki. Modi ilisome pembeni wakati gemu linaendelea kuwaka, lisisimame likisubiri, ipe sekunde tano tu na intaneti ikigoma inyamaze, isimtupie mtu maandishi mekundu kisa bando limeisha. Tunza tarehe ya mara ya mwisho kuangalia, mara moja kwa siku inatosha kabisa.

Alafu kuna hii watu hawaijui: ukiuliza GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi) kupitia API, yaani mlango wa programu kuulizana taarifa, bila kujitambulisha unapewa maombi 60 kwa saa kwa anwani moja ya IP. Sasa huku kwetu wengi tuko kwenye data za simu, ambapo watu kibao wanaweza kutoka na IP moja, na gemu senta nzima ya Mwanjelwa inatoka na moja vilevile, kwaiyo hizo 60 zinaisha chap na modi yako inabaki haijui kitu. Ndo maana nasema faili la kawaida, achana na API.

Kulinganisha namba nako kuna mtego. Ukilinganisha kama maandishi, 1.9 itaonekana kubwa kuliko 1.10, na mtu mwenye 1.9 hataambiwa kabisa kwamba 1.10 imetoka. Katakata kwenye nukta ulinganishe namba kwa namba. Na mtu yuko Minecraft 1.20.1, usimwambie kuna jipya wakati hilo jipya ni la 1.21, kwake halipo.

Ujumbe wenyewe sasa. "Apdeti inapatikana!" haimsaidii mtu chochote. Andika hivi: "Toleo 2.4 limetoka, MB 85. Kona za Kitonga zimerekebishwa, basi halizami tena kwenye lami. Seivu zako za zamani zinafanya kazi." Ukubwa ni lazima, mtu mwenye bando la buku anahitaji kujua MB kabla ya kubonyeza, na kama seivu zitavunjika hiyo ndo iwe ya kwanza kabisa juu. Weka vitufe vitatu: fungua ukurasa, ruka toleo hili, usiniambie tena. Akisema ruka, kaa kimya mpaka litoke lingine.

Kujidownload na kujiweka yenyewe mimi sikubaliani nako. Juni 2023 kirusi cha fractureiser kilisambaa ndani ya modi za Minecraft baada ya akaunti za watengenezaji kuibiwa, sasa fikiria modi yako inajishushia faili bila kuuliza na akaunti yako ndo imeibiwa. Mpeleke kwenye ukurasa wako, adownload kwa mkono wake.

Na nyie wa skin za mabasi ya BUSSID (gemu la Bus Simulator Indonesia), skin ni picha tu haiwezi kuuliza kitu mtandaoni, kwaiyo weka toleo kwenye jina la faili, sio "mpya", "mpya kabisa", "mpya final", alafu chora namba ndogo nyuma ya basi karibu na pleti. Mtu akileta malalamiko mwambie atume skrinshoti ya nyuma ya basi, utajua hapo hapo ana toleo gani.