Umeuza sarafu na stempu zako mtandaoni: namna ya kujaza ritani ya kodi Marekani

Fomu 1099-K, taarifa ya mauzo ambayo jukwaa la mtandaoni hukutumia, ikifika mwezi Januari, wakusanyaji wengi hushtuka, maana namba iliyomo humo inaonekana kama utajiri ambao hawajawahi kuushika. Hawakosei. Hiyo si faida, ni jumla ya fedha zote zilizopita kwenye jukwaa la mauzo kwa jina lako: bei ya kitu, gharama ya posta aliyolipa mnunuzi, ada ambayo jukwaa lilikwisha kuikata kabla hujapokea chochote, hata fedha ulizomrudishia mteja aliyeghairi. Kodi hailipwi juu ya jumla hiyo. Hulipwa juu ya tofauti kati ya ulichouzia na ulichonunulia. Shida ni kwamba ulichouzia IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanakijua, ulichonunulia hawakijui, na mwenye kazi ya kukithibitisha ni wewe.

Maelezo haya yanamhusu anayehesabiwa kuwa mkazi wa Marekani kwa ajili ya kodi: raia, mwenye green card, au mgeni aliyetimiza idadi ya siku zinazotakiwa. Kwa mtu huyo haijalishi kama mnunuzi yuko Chicago, Hamburg au Muscat. Mapato ya dunia nzima huingia kwenye ritani moja.

Mpaka wa fomu si mpaka wa kodi

Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilirudisha kiwango cha zamani cha 1099-K: jukwaa linalazimika kutuma fomu ukiwa umepokea zaidi ya dola 20,000 na umefanya mauzo zaidi ya 200 kwa mwaka. Yote mawili kwa pamoja. Kabla ya hapo kulikuwa na mpango wa kushusha kiwango hadi dola 600, ukaahirishwa mara kadhaa, na ndiyo maana hadi leo wengi wana hiyo 600 kichwani. Lakini baadhi ya majimbo yana viwango vyao vya chini. Massachusetts na Virginia, kwa mfano, hutumia dola 600. Kwa hiyo fomu inaweza kukufikia kwa sababu ya jimbo unaloishi tu.

Mtu aliyeuza sarafu moja kwa faida ya dola 900 bila kupata fomu yoyote bado anadaiwa kodi ya hiyo 900. Na aliyeuza vitu vya dola 25,000, vyote kwa hasara, akaletewa fomu, huenda asidaiwe hata senti. Fomu ni taarifa tu.

Jukwaa likikuomba ujaze Fomu W-9, ya kuthibitisha namba yako ya mlipa kodi, jaza mapema na uhakikishe jina na namba ya Social Security au ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security) vinalingana. Usipojaza, au namba ikikataa, jukwaa linaweza kuzuia asilimia 24 ya mauzo yako na kuipeleka IRS. Fedha hiyo haipotei, unaidai kwenye ritani, ila utaisubiri hadi mwaka ujao.

Unauza kama nani?

Hapa ndipo hesabu nzima inapogeuka, na ndipo watu wanapokurupuka. Swali si "mimi ni nani" bali "kitu hiki nilikuwa nacho kwa ajili gani". Mtu mmoja anaweza kuwa na majibu tofauti kwa vitu tofauti.

Kama kitu kilikuwa cha matumizi au cha kujifurahisha nyumbani na umekiuza kwa bei ya chini kuliko ulivyonunua, hakuna kodi, wala hakuna hasara ya kudai. Sheria ni kali upande mmoja: faida inatozwa, hasara ya kitu binafsi haitambuliki. Mbaya zaidi, hasara ya albamu moja huwezi kuitumia kufuta faida ya albamu nyingine. Ukiuza stempu kumi, tisa kwa hasara na moja kwa faida ya dola 400, unatozwa kwa hiyo 400.

Kama ni mkusanyo na umepata faida, hiyo ni faida ya mtaji. Ukiwa umekaa na kitu kwa mwaka mmoja au pungufu, faida hutozwa kama mshahara wako. Ukizidisha mwaka, vitu vya wakusanyaji (sanaa, mazulia, vitu vya kale, madini, vito, stempu, sarafu, hata mvinyo) vina kiwango chao: kisichozidi asilimia 28. Zingatia neno "kisichozidi". Wengi husoma 28 wakadhani ndicho kiwango kwa kila mtu. Kama mshahara wako uko kwenye ngazi ya asilimia 12 au 22, faida hiyo hutozwa kwa ngazi yako, alimradi haijakusukuma kwenye ngazi ya juu zaidi.

Aliyenunua kwa nia ya dhati ya uwekezaji, na ana ushahidi wa nia hiyo, anaweza kudai hasara. Ushahidi maana yake ni daftari la bei, tathmini, utunzaji wa kitaalamu na kitu kisichokaa sebuleni kama pambo. Kusema tu "nilikuwa nawekeza" baada ya bei kuanguka hakutoshi.

Halafu kuna mfanyabiashara: anayenunua ili auze, mara kwa mara, kwa lengo la faida. Huyu hujaza Schedule C, kiambatisho cha ritani cha mapato ya biashara, anaondoa ada, vifungashio, posta na maili za gari, na asilimia 92.35 ya faida yake halisi ikifika dola 400 analipa pia kodi ya kujiajiri: asilimia 15.3 juu ya hiyo asilimia 92.35. Faida ya dola 5,000 inazaa takriban dola 706 za kodi hiyo peke yake, kabla ya kodi ya mapato. Ukipata faida katika miaka 3 kati ya 5, sheria inakuchukulia kuwa uko kwenye biashara mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mtego uko katikati. Mtu anafungua maboksi ya kadi za wakusanyaji kila wiki, anauza zinazojirudia, hana vitabu wala mpango wa faida. Hiyo ni hobi inayoingiza fedha. Mapato yake huingia Schedule 1, kiambatisho cha mapato ya ziada, mstari wa 8j, na unaruhusiwa kutoa gharama ya kununulia vitu vilivyouzwa, lakini si gharama nyingine. Makato ya gharama za hobi yaliondolewa kuanzia mwaka 2018. Tiketi ya maonyesho ya sarafu, albamu, taa, lenzi: zote juu yako.

Ukiwa na mkusanyo na pia bidhaa za kuuza, zitenganishe kwelikweli. Kabati mbili, orodha mbili, ikiwezekana akaunti mbili za mauzo. Sarafu ikihama kutoka kabati hadi kabati kila msimu, ukija kuiita mkusanyo wa binafsi utakuwa na kazi ya kueleza.

Gharama ya kununulia: kazi yote iko hapa

Mali bila daftari hupotea bila habari; katika kodi hupotea kwa njia ya pekee, kwa sababu bila ushahidi gharama yako inaweza kuhesabiwa kuwa sifuri.

Gharama si bei ya mnada tu. Ongeza ada ya mnunuzi inayotozwa na nyumba ya mnada, kodi ya mauzo uliyolipa, na posta ya kukuletea. Usiongeze bima ya nyumbani wala kabati.

Ulichorithi huhesabiwa kwa thamani ya soko siku aliyefariki alipofariki, si bei aliyonunulia yeye. Babu aliyenunua stempu za Usultani wa Zanzibar kwa shilingi chache, akafariki 2021 zikiwa na thamani ya dola 1,500: gharama yako ni 1,500. Ukiziuza kwa 1,700, faida ni 200, na huhesabiwa ya muda mrefu hata ukiuza wiki ya pili. Tafuta tathmini ya maandishi ya tarehe hiyo, au angalau bei za minada ya miezi ile. Zawadi ni kinyume chake: babu akikupa akiwa hai, kwa hesabu ya faida unarithi gharama yake, yaani zile shilingi chache. Familia nyingi hazijui tofauti hii, na ni tofauti kubwa.

Ulichonunua kwa mkupuo ndicho kinacholeta makosa mengi. Tuseme umenunua boksi la stempu 200 kwa dola 300, na kwa bei za soko za siku ile zote pamoja zina thamani ya 400. Moja ina thamani ya 100, yaani robo ya boksi. Gharama yake ni robo ya 300, dola 75. Ukigawa sawa kwa sawa utaipa dola 1.50, na ukiiuza kwa 110 utajikuta unalipia faida hewa. Fanya mgawanyo huo siku boksi linapofika, uandike na tarehe. Mgawanyo uliofanywa baada ya kuuza unanuka.

Na kubadilishana? Tangu 2018 msamaha wa kubadilishana mali ya aina moja umebaki kwa ardhi na majengo tu. Ukitoa sarafu uliyonunua kwa 200 ukapokea nyingine yenye thamani ya 600, umepata faida ya 400 hata kama hakuna noti iliyoshikwa. Hiyo 600 inakuwa gharama ya sarafu mpya.

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ile yenye tembo. Tuseme uliinunua 2019 kwa dola 2,100 pamoja na ada na posta zake. Umeiuza kwa 3,400, mnunuzi akalipa 25 ya posta. Jukwaa limekata 450, na wewe umelipa 40 kuituma na bima.

Upande wa jukwaa unasomeka 3,425. Toa 450 na 40, inabaki 2,935. Toa gharama ya 2,100: faida ni 835. Kwenye ngazi ya asilimia 22, kodi ni dola 183.70. Aliyelipa kwa kutazama 3,425 angelipa zaidi ya 750 kwa uzembe wa daftari tu.

Kwenye ritani, mauzo haya huandikwa kwenye Fomu 8949, orodha ya mali ulizouza, sehemu ya pili ya muda mrefu, kisanduku F, kwa sababu hakuna 1099-B, ile fomu inayotolewa na madalali wa hisa. Safu ya f andika herufi C, alama ya vitu vya wakusanyaji. Ukiisahau, programu ya kodi itaipa faida kiwango cha chini cha hisa, ritani itakuwa na kosa, na baadaye utadaiwa tofauti na riba. Jumla huhamia Schedule D, kiambatisho cha faida za mtaji, na jedwali la kukokotoa la asilimia 28 hufuata hapo. Karatasi inayoonyesha namna 3,425 ilivyogeuka 2,935 hutumi, unaihifadhi.

Kama 1099-K ina vitu binafsi vilivyouzwa kwa hasara, au fedha isiyo yako kabisa (rafiki aliyekurudishia nusu ya kodi ya pango, malipo yakahesabiwa kimakosa kuwa mauzo), juu kabisa ya Schedule 1 kuna nafasi ya kuandika kiasi hicho. Kwanza mwombe aliyetoa fomu aisahihishe. Asipofanya hivyo kwa wakati, tumia nafasi hiyo na uhifadhi barua mlizoandikiana. Usiiache fomu bila kuitaja ati kwa sababu hakuna faida: kompyuta za IRS hulinganisha namba, hazisomi nia.

Kosa la wafanyabiashara wapya ni kudai manunuzi yote ya mwaka kwenye Schedule C. Kwa kawaida unatoa gharama ya vitu vilivyouzwa tu. Vilivyobaki rafuni Desemba 31 vinasubiri mwaka wa kuuzwa.

Tarehe, na barua ikija

Fomu 1099-K hutakiwa kutumwa kwako ifikapo Januari 31, na ritani inatakiwa Aprili 15. Fomu 4868 inakupa hadi Oktoba 15 kuwasilisha, si kulipa. Ukitarajia kudaiwa dola 1,000 au zaidi baada ya makato ya mshahara, IRS wanataka malipo ya robo mwaka: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Mwenye ajira ana njia rahisi zaidi: baada ya mauzo makubwa, jaza Fomu W-4 mpya kazini, ile inayomwambia mwajiri akate kodi kiasi gani, na uombe kiasi cha ziada kikatwe kwenye kila mshahara hadi Desemba.

Barua yenye alama CP2000 ikifika, si ankara wala si mashtaka. Inasema namba kwenye 1099-K haikuonekana kwenye ritani, na inapendekeza kodi kana kwamba kila kitu ulikipata bure. Kwa kawaida una siku 30 za kujibu. Weka alama kwamba hukubali, ambatisha Fomu 8949 iliyojazwa, risiti au taarifa ya benki inayoonyesha manunuzi, na ripoti ya mauzo kutoka kwenye jukwaa. Pakua ripoti hiyo kila Januari hata kama huoni kazi yake, kwani historia ya mauzo haibaki kwenye akaunti milele. Ritani na nakala za mauzo zitunze angalau miaka mitatu baada ya kuwasilisha. Risiti ya manunuzi ni tofauti: itunze muda wote unaomiliki kitu, kisha miaka hiyo mitatu juu yake. Piga picha ya ile ya karatasi nyepesi ya mashine ukiwa bado unaisoma, kwa sababu wino wake hufifia kabla ya sarafu kupanda bei.